Ng'o

Baba yangu Chilongani, fundi wa milango na majeneza,
hakuamini mti kwa macho. Aliugonga.
Kila Desemba, kabla mvua yetu moja ya mwaka haijafika Mpwapwa,
alishuka korongoni, akakunja kidole,
akaubishia hodi mkuyu.
Ng'o, ukajibu. Ng'o.
"Bado unakataa," alisema, akarudi kwenye randa yake.

Kisha wakaja watu wa nguzo za umeme.
Tawi lilikuwa linagusa waya, au lingegusa, sikumbuki.
Walilikata mchana mmoja, wakaacha jeraha
pana kama sinia, likichuruzika maziwa.
Hatukulipaka kitu. Nani hupaka mti dawa
mwaka ambao ng'ombe wanainuliwa kwa mikia?

Ndipo mgeni akaingia, mlango ukiwa wazi.
Vumbi jepesi kuliko unga wa uwele,
limetoka gogo gani, la kijiji gani, hatujui.
Likatua kidondani, likapata unyevu, likatoa uzi.
Uzi ukazaa uzi, mweupe, usio na jino hata moja,
ukaanza kula kiini,
ule moyo mgumu ambao shoka la baba liliupigia magoti.

Juu, hondohondo waliendelea kugombania makuyu.
Kikulacho ki gomeni mwako.

Mwaka wa tatu baba aligonga, mti ukasita.
Mwaka wa nne ukasema: bu.
Hakusema neno. Alifuta kidole kwenye suruali
kama mtu aliyesalimiana na mgonjwa.

Na Januari hiyo jeraha likachanua:
masikio ya kijivu, moja juu ya jingine,
vikonyo vya pembeni, chini mikunjo myeupe
myembamba kama kurasa za kitabu cha nyimbo.
"Mamama huo," alisema Sechelela,
ambaye huuotesha kwenye mifuko ya mabua ya mtama.
"Kuleni, hauna ubaya."
Hauna ubaya kwa nani? nikauliza.
Alicheka, akanikabidhi kisu.

Tuliula kwa ugali wa uwele. Mlenda ukapumzika siku mbili.
Sechelela akatusimulia, akilamba vidole,
kwamba mti kwa uyoga ni ugali mtupu, hauna mboga,
hivyo uyoga nao hutafuta kitoweo:
humnasa mnyoo mdogo asiyeonekana,
humlegeza, humnyonya, kisha hurudi kwenye tonge.
Mama alisogeza sahani yake. Mimi nikaongeza.

Mti ulianguka usiku wa upepo, haukumuumiza mtu.
Asubuhi tulisimama kuuzunguka kama msibani,
mikono nyuma, tukisemea chini.
Mmoja tu hakusimama. Hakukaa matanga,
hakubadili meza, hakuuliza saa ya kifo.
Tonge lililoanzwa kwa aliye hai
likamaliziwa kwa maiti, na ladha, nadhani, ni ile ile.

Lugha yetu nayo haikutaka kuwatenganisha:
mti umelala, uyoga umelala,
unakula, unaliwa, umekwisha, umeota.
Ukisikia kitenzi peke yake gizani
utajuaje ni nani kati yao?

Baba alikuja na msumeno siku ya tatu.
Alitafuta mbao, akapata bomba.
Katikati hapakuwa na kitu, pamekombwa
kwa ufundi ambao patasi yake, alikiri, haiuwezi.
Alikata urefu wa mkono, akaziba ncha mbili,
akatoboa tundu, akautundika ule mzinga kwenye mgunga wa jirani.
"Kuchonga nimechongewa," alisema. "Bure."

Nyuki wameingia Machi.
Leo asubuhi, baada ya manyunyu, nilipita chini yake.
Ndani: mvumo. Nje, ubavuni mwa mzinga,
sikio moja la kijivu, dogo kama kifungo,
limetokeza.
Niligonga kwa kidole, taratibu, nyuki wasinisikie.