Mpangaji wa Gogo

Kwetu kenge hana sifa.
Ni yule wa mkiani mwa msafara wa mamba,
yule asiyesikia mpaka aone damu.
Basi nimwombee radhi mdogo wao,
alalaye katikati ya Australia,
chini ya gome la malga,
mti wa ukoo wa mgunga, mgumu kama deni.

Dhiraa moja haifiki, na nusu yake ni mkia.
Mapingo ya kutu yanamkingama mgongoni,
yakifika mkiani yanabadili nia, yanalala kwa urefu.
Mkia ndio mguu wake wa tano:
hushika tawi wakati ile minne ina shughuli.

Hula panzi, buibui, yai la ndege aliyechelewa kurudi.
Akikutana na mjusi kafiri asiyemezeka,
humkata mkia tu, akamwachia roho
aende akaoteshe mwingine.
Kodi.
Nimewahi kupanga kwa watu wabaya kuliko huyu.

Madume wakigombana hukumbatiana,
tumbo kwa tumbo, pua ardhini,
wanapinda juu kama daraja
lisilovusha mtu,
hadi mmoja achoke kuwa nguzo.

Asubuhi moja ya Julai, jangwa limeganda,
ubao wa pikapu mweupe kama umepakwa chumvi,
Myrtle Nakamarra kaja kutafuta kuni.
Kuni za malga, makaa yake hukesha.
Mjukuu, Dwayne, akapiga shoka,
gogo likafunguka,
na humo ndani, mkia kwanza,
kipande cha kamba chenye macho.

“Kafa?”
Bibi hakujibu. Alimtia kwenye mkono wa sweta,
akaendelea kupakia.
Jua likapanda kidogo. Sweta ikajikuna yenyewe.
“Mkono wangu,” akasema, “umeota mkono.”

Kisha akapekua lundo lote garini,
akatoa gogo zito kuliko yote, lenye tundu,
akaliegemeza kwenye mti uliofia wima.
Kenge akatoka mkononi, akaonja hewa kwa ulimi,
akaingia bila kugeuka,
kama aliyelipia.

Usiku ule moto ulizimika saa kumi.
Dwayne, macho gizani,
akamsikia bibi akivuta blanketi la pili
na kumtukana mtu mfupi
ambaye hakuwemo nyumbani.