Utenzi wa Chafyamani, Sehemu ya Pili

Nipeni nafasi leo,
kuhusu ile video
iliyokuja na cheo,
ya pili hiyo, jamani.

Naitwa Mize Khatibu,
mshoni, tena si bubu,
nilohusika karibu
na ya kwanza, ya nyumbani.

Shujaa wetu mwajua:
konyo akishachukua,
akalinusa kwa pua,
chafya yake ni tufani.

Majambazi huanguka,
mabati yakaezuka,
na kuku wakashituka.
Jina lake Chafyamani.

Muigizaji ni Faki,
mtengeza pikipiki,
mwembamba kama mswaki,
na banda lake Limbani.

Joho lake nalishona,
la maua, mngeona;
mume alipoliona:
"Si pazia la chumbani?"

Kuruka kwake ni kamba,
mkarafuu wa shamba,
Kombo huvuta, hutamba,
nayo kamba i pichani!

Mbuzi akaja, kauma
pindo la joho kwa nyuma,
Faki yu juu, ahema.
Hawakukata, wahuni.

Adui ni Zimwi Giza,
umeme huumaliza,
friji zote huziliza,
likachekea kizani.

Mia tano tukalipa,
jamvini tukajitupa
na njugu zetu kwa chupa,
shuka liko ukutani.

Zimwi lilipotamka,
"Umeme leo nafyeka!"
ukakatika hakika,
Wete nzima, hata pwani.

Tulicheka, tukalia,
Asaa akazimia,
wampepea kofia,
akizinduka: "Kunani?"

Sasa hii ya majuzi
ina fedha, na wajuzi,
kamera kama mabuzi
zimetoka ugenini.

Mwongozi kavaa koti,
na kipaza cha sauti,
akataka mbuzi, eti,
asomeshwe darasani!

Ukumbi wa Chake Chake,
kila mtu kiti chake,
tiketi, muhuri wake,
elfu tano mlangoni.

Jenereta languruma,
umeme haukukoma,
na Zimwi lilipouma
nyuso zetu zi nuruni.

Joho nalo ni mpira,
zipu zake ni hasara:
Faki akabanwa mara,
saa nzima yu chooni.

Kamba wameshaifuta,
kompyuta imeikata,
Faki mbinguni apita,
wala Kombo simuoni.

Nikamtafuta Kombo,
na jasho, na zake tambo;
naambiwa: kwa mitambo
hatakiwi uwanjani.

Chafya ile ya awali
ilikuwa pilipili,
kamasi za kweli kweli
zikamwagika shavuni.

Ya sasa yaja na radi,
moshi, moto, na baridi,
pua kavu kama kadi,
haina mafua ndani.

Sikatai, inang'ara,
sauti yake imara,
hata nimecheka mara
tatu, nne, kwa yakini.

Zimwi lapigiwa simu
na mkewe, ni mwalimu,
sauti yake ni sumu:
"Mbona giza huku ndani?"

Hapo nikashika mbavu,
nikasahau uchovu
na kiti kile kikavu
kilochoma mgongoni.

Lakini tulipotoka
hakuna aliyecheka.
Asaa hakuanguka,
akasema mlangoni:

"Kamba yetu wameficha,
nami nalijia picha;
kisha Kombo wakamwacha,
nani amshika chini?"

Jana Faki kaja kwangu,
kala na muhogo wangu,
macho yake, ndugu yangu,
hayatoki dirishani.

"Ya tatu," kasema, "Mize,
mitambo tuipuuze,
Kombo kamba aikaze,
turudi kwetu shambani."

Nikamjibu: "Sikiza,
dirisha lile la kwanza
mpaka leo nafukuza
macho ya kila jirani!"

Akaondoka, kicheko.
Nikafungua mfuko,
nikapima, pale, huko,
pazia la sebuleni.