Kuba Mbili

Nilikuwa mdogo nilipoambiwa: yule mama ametoka Kuba.
Nikautazama msikiti wetu wa Majengo,
nikahesabu vidirisha vilivyo chini ya kuba yake,
nikajiuliza alilalaje humo, na ngazi iko wapi.

Amparo Villalonga. Mtaa haukuwa na subira na jina refu,
ukamwita Mama Ambari. Akalivaa kama manukato.

Alikuja na sanduku moja na brashi kumi na moja.
Ya kumi na mbili, alisema, aliiacha Havana ndani ya gilasi,
ili aonekane mtu aliyetoka kidogo tu, anarudi.

Babangu, Feruzi, alikuwa fundi wa fremu.
Mgeni siku mbili; ya tatu akampa randa.
"Feruzi?" mama yule aliuliza. "Hilo si jina,
hiyo ni bahari ya kwetu, saa nne asubuhi."
Baba akacheka. Bahari aliiona mara moja maishani,
na siku hiyo ilikuwa ya kahawia.

Rangi za mafuta zilikuwa ghali kuliko nyama.
Akashuka Barabara ya Grogan, kwa wanyoosha mabodi,
akanunua masalio ya makopo: nyekundu ya Pijo,
kijani ya lori la soda, krimu ya gari la maiti.
Ndizi zake zikang'aa kama bampa.
Wanawake wake wasio na macho, mabega mapana kama milango,
walinuka thina hadi Ramadhani ikaisha.
Watu wakasema hajui kuchora, pua ziko wapi?
Nyanya akasimama mbele ya mmoja
muda wa chai kuchemka na kumwagika,
akasema: "Huyu ni mimi, siku niliyopewa talaka."

Hakuuza sana. Kampuni ya bima ilinunua tatu,
ikazitundika karibu na lifti, moja juu chini.
Aliiona. Hakusema kitu.
Jioni, akimenya viazi: "Hata mimi nimetundikwa hivyo."

Barua za dada yake zilifika zimefutwa kwa wino mweusi,
mistari mizima. Alizibandika ukutani,
akazisoma kama picha: hapa pazito, hapa pamepumua.
Julai, ukungu ukiikalia Nairobi kama deni,
alikumbatia jiko la makaa, akilitukana anga kwa Kihispania.
Na Oktoba, mijakaranda ikimwaga zambarau mjini kote,
aligeuza uso.
"Nikiichora hiyo," alisema, "nimehamia."

Tulimzika Lang'ata. Padri alilikosea jina;
sisi tukaitikia Ambari.

Juzi amekuja kijana mwenye daftari, mtafiti,
akiuliza habari za kipindi cha samawati:
mama alikuwa akiomboleza nini?
Nikamwambia, mwaka ule kampuni moja ya mabasi ilifilisika,
buluu yake ikauzwa kwa galoni, bei ya kutupa.
Akaandika. Kisha akakata.

Sikumwonyesha kibao tulichokikuta nyuma ya kabati,
kidogo kama sahani, zambarau tupu,
kikiwa bado kinagandana na kidole.

Nilimwonyesha dirisha.
Kwao, alinieleza zamani, juu ya mlango wa nyumba
huwekwa nusu duara ya vioo vya rangi
ili jua livue viatu kabla ya kuingia.
Sisi hatukuwa na vioo. Tulikula peremende mwezi mzima,
mimi na yeye, meno yakituuma,
akabandika maganda yake kipande kwa kipande kwa uji wa unga.
"Nusu ya kuba," nikamwambia.
"Kuba nzima," akajibu, "nusu nyingine iko sakafuni."

Na kweli, saa kumi jua likiinama
mjukuu wangu huingiza mguu ndani ya ile nyekundu,
huutoa haraka, husema inachoma.
Imepauka sasa. Nimezunguka Gikomba yote
nikitafuta peremende za ganda lile.
Hazitengenezwi tena.