Saa Tisa Usiku, Arua

Seva ya hospitali imezimika Arua.
Mimi niko Mbarara, blanketi mabegani,
nabisha mlango wa nyuma, ule mdogo
usiolala hata mashine ikifa.
Nywila. Kisha tarakimu sita za simuni
zinazooza kwa nusu dakika.
Hodi. Karibu.

Nayo yaungama, mstari kwa mstari:
feni ya pili imekwama tangu Jumanne,
joto nyuzi tisini na moja,
kumbukumbu, tundu la nne, yakosea hesabu.
Nampigia Drajiru wa zamu: "Fungua kifuniko.
Pangusa vumbi. Taratibu, dada."

Inapumua.

Mtaa wa pili kutoka hapo amelala mama.
Kila Jumapili namjulia hali,
hakuna nywila, hakuna kufuli.
"Mzima," husema,
na kikohozi hukifunika kwa kiganja
nisikisikie.