Skrubu ya Nne

Friji ina mgongo, na mgongo huutazama ukuta.
Huko nyuma ndiko mafundi wengi wa mji huu
hurudisha skrubu tatu badala ya nne;
ya nne hutumbukia mfukoni pamoja na chenji,
ikasahaulika hadi siku ya kufua.

Fundi Mwinshehe alirudisha zote.
Nilimcheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
mwanafunzi wake pale Gerezani, kibanda cha bati,
na nilijua kila kitu isipokuwa kazi.
"Nani atachungulia huko?" nilimuuliza.
Alikuwa amebana bisibisi kwa meno. Hakujibu.

Alikuwa na mambo yake, ya kuchosha.
Akichelewa dakika kumi, anapiga simu kabla hajapigiwa:
"Mama Theofrida, nipo Buguruni, foleni haisogei,
chai yangu usiibandike kwanza."
Viatu anavua mlangoni, hata akiambiwa, we ingia tu.
Kilichoungua, iwe rilei, iwe feni,
anakiviringisha kwenye gazeti na kumkabidhi mwenye nyumba:
"Marehemu huyu hapa. Mzike mwenyewe."
Halafu kile kitambaa, kipande cha kanga kuukuu,
anafuta alama za vidole vyake mlangoni mwa friji,
taratibu, kama anayemfuta mtoto pua,
mpaka usingejua fundi amepita
ila kwa maji kuganda.

Sinza, saluni, mwezi wa mfungo.
Friji imezima, dada mwenye saluni amechanganyikiwa.
Nikaona plagi imelegea ukutani.
Nikamkonyeza Fundi: gesi.
Sema gesi imeisha. Elfu themanini.
Akaibana plagi kwa koleo, friji ikanguruma.
"Nipe nauli," akasema, "ya watu wawili."
Njia nzima sikumsemesha.
Tulifuturu mihogo mitupu, na mimi nikitafuna
nilikuwa nazihesabu zile themanini, noti moja moja.

Kisha wakaja watu wenye kopo la rangi,
wakachora X nyekundu kwenye bati letu.
Barabara inapanuliwa. Siku saba.
Siku ya nane kibao chetu kilikuwa chini ya kifusi,
na mtaa mzima wa mafundi umetawanyika
kama skrubu zilizomwagika.

Wahenga walisema chema chajiuza.
Majuma matatu hakikuuza hata fyuzi.
Tuliketi ukumbini kwake, Temeke Mikoroshini,
simu juu ya stuli katikati yetu kama mgonjwa.
Mkewe akauza cherehani. Hakusema kitu, akaiuza.
Nami nikazihesabu skrubu zote alizowahi kurudisha,
nikaiona hasara.

Ilipolia, niliipokea mimi.
Mwanamke, Mbagala Kizuiani, simjui, hatujui.
Jina la fundi hakuwa nalo.
Duka letu lilipokuwa, hakupajua.
"Nimeambiwa," alisema, "kuna fundi anayefuta friji.
Ndiyo nyinyi?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amesinzia, mdomo wazi,
kile kitambaa kimeanikwa dirishani nyuma yake.
"Ndiyo sisi," nikasema,
na neno *sisi* likanikwama kidogo kooni,
maana mimi sikuwahi kufuta.

Siku hizi magoti yake hayapandi ngazi.
Naenda peke yangu.
Leo ni Segerea, jua la saa nane, umeme umerudi sasa hivi.
Kazi imekwisha, muamala umeshaingia,
mwenye nyumba yuko nje anaongea na simu.
Skrubu ya nne imeniponyoka,
ikabingirika, ikaingia chini ya kabati la vyombo.

Tatu zinatosha. Tatu zinashika vizuri kabisa.

Nimelala kifudifudi juu ya vigae, tochi ya simu mkononi.
Kuna kifuniko cha kalamu. Shanga mbili. Mende mmoja, hana haraka.
Mtoto wa nyumba kasimama mlangoni, kidole mdomoni.
"Unatafuta nini?"
"Skrubu."
Anafikiri.
Kisha naye analala kifudifudi, shavu kwenye kigae,
ananisogelea,
"Iko wapi?"