Kokwa kwa Ubavu

Nimerudi Mkomani na madaftari kumi na manne,
yamevimba kwa mvua za Mahale, yananuka moshi,
na mama ananiuliza, mbele ya Bi Zuhura jirani:
"Miaka mitano hiyo, hao sokwe wamekufunza nini?"

Nikamwambia: kuna mlima, kando ya ziwa,
sokwe wawili wakikaa kuchambuana manyoya
hunyanyua kila mmoja mkono, wakashikana juu kabisa,
kama watu wanaoshikilia paa ambalo halipo.
Na kuna mwingine, kaskazini, si mbali kwa ndege,
damu ileile, ziwa lilelile,
na huko kila mmoja hushika tawi lake.
Hakuna aliyewakataza. Hawajui tu
kwamba mkono wa mwenzio waweza kuwa tawi.

Bi Zuhura akatema tambuu. "Subhanallah."
Sikujua amesifu au amenisikitikia.

Nikaendelea, kama mtu aliyekaa mno bila msikilizaji:
magharibi ya mbali wanapasua kokwa kwa mawe,
mtoto hukaa kando ya mamake miaka mitatu, minne,
akigonga hewa, akijiponda vidole,
mpaka siku moja kokwa inasema ta.
Huku mashariki kokwa zipo, mawe tele,
zinaoza. Hakuna aliyeanza,
na asiyeanziwa haoni alichokosa.

"Na wanawake wao?" mama akauliza.

Hapo nilitaka kunyamaza,
maana wanaohama ni mabinti.
Binti akikua huvuka mto peke yake,
akaingia kwa asiowajua. Wenyeji wakamfukuza, wakamng'ata,
naye hukaa ukingoni akitazama
kinacholiwa, na kinavyoliwa.
Tulikuwa naye mmoja. Tulimwita Ngeni.
Alikotoka, kiganja hukutana na kiganja.
Hapa, kifundo huegemezwa juu ya kifundo.
Daftari la tisa, ukurasa umeliwa na mchwa pembeni:
*Saa nne na dakika kumi. Ngeni, mkono juu, kiganja wazi.
Dakika moja na nusu. Hakuna.*
Na chini, kwa penseli, neno lisilo la sayansi:
*mama.*

Mama alipoelewa alicheka kwanza, kisha akanuna.
"Wanifananisha na sokwe? Mimi, binti Lali Shebwana wa Siyu?"
Bi Zuhura akapata la kwenda nalo kwake.

Baada ya alasiri hasira ikapoa. Akakaa kiwandani
na kapu la kungu, na jiwe lake,
lililokuja Amu ndani ya kasha la arusi, kati ya nguo.
Alikuwa na miaka kumi na sita. Mawifi walimcheka
kwa alivyouita mwiko, kwa alivyokunja leso.
Neno la mwiko alilimeza. Leso akaikunja watakavyo.
Hili la kokwa halikuonwa na mtu, likapona:
huisimamisha kwa ubavu, kwenye mshono,
akagonga mara moja, kiini kikatoka kizima.
Amu huilaza, huiponda, hula kiini na vigae.

Ila jana nilipita uchochoro wa nyuma ya msikiti.
Watoto saba, mawe saba,
na kila kokwa imesimama kwa ubavu.
Nikawauliza, nani kawafundisha?
Wakanitazama kama Ngeni alivyotazamwa.
"Kwani hupasuliwa vipi?"

Sikumwambia mama. Sikuandika pia.

Jua lilipotua akanyosha mkono nimwinue mkekani.
"Ndoo."
Nikamshika kifundo, kwa mazoea ya mlimani.
"Si hapo," akasema, akaufungua mkono
na kulitoa neno la kwao, zima, halina ufa:
"Kitanga."