Ngurumo Mara Mbili

Kampuni imenifunza kuuliza bila uso.
Swali moja, dakika arobaini na tano,
visanduku vinne vya kujaza: mantiki, msimbo,
mawasiliano, na hicho cha nne
ambacho hata mimi sikielewi vizuri,
nacho ndicho huwaangusha wengi.

Saa tisa alasiri akaingia Mmbone,
blauzi ya kuazima,
pazia nyuma yake limebanwa kwa vibanio vya nguo.
Wasifu wake unasema: Nairobi.
Sikuuliza. Wangu pia ulisema hivyo, mwaka ule.

Nikamsomea: vituo, barabara,
njia iliyo fupi kuliko zote.
Akavibatiza vituo papo hapo:
Shirere, Lurambi, Sichirai, Amalemba.
Vidole vikaenda mbio. Vikasita.
"Samahani, hizi barabara ni za kiangazi ama za masika?"

Karatasi ya majibu haina masika.
Nikajibu nilivyofunzwa: "Wewe unaonaje?"
Akaongeza kigeu kimoja,
akakiita tope.

Hapo radi ikapiga dirishani kwangu,
na kabla sijavuta pumzi
ikapiga tena ndani ya vipokea sauti,
ile ile, imechelewa kidogo,
imekwenda Ulaya ikarudi
ili ivuke tu uwanja wa Bukhungu.

Kisha mvua, juu ya bati lake.
(Mimi nina vigae siku hizi.)
Midomo yake ikisema, neno lisifike.
Akaandika kwenye skrini, kwa herufi kubwa,
NAOMBA RADHI KWA KELELE,
kana kwamba yeye ndiye aliyeinyesha.

Ningeweza kusema. "Mulembe" moja ingetosha.
Kanuni, ukurasa wa sita: mhoji asitaje aliko.
Nikaizima maikrofoni yangu
asije akaisikia mvua yangu.

Mama huniambia: mtu huuliza asichokijua,
wewe walipwa kuuliza unachokijua?
Simjibu. Namtumia pesa ya mbolea.

Tukamaliza kwa kuandikiana,
mabubu wawili chini ya wingu moja.

Mantiki: nne. Msimbo: nne.
Mawasiliano, kishale kikakaa pale kinapepesa.
Nikaandika: Alisikika vizuri.
Nikafuta. Rekodi wanayo.
Nikaandika: Aliuliza kuhusu mvua.
Nikatuma.

Watu watano nisiowajua
wataisoma sentensi hiyo wakila chakula cha mchana,
watauliza, mvua gani?

Leo Jumatano ya tatu, kimya.
Jana, kinyume cha ukurasa wa saba,
niliifungua programu yake usiku,
nikaijaza mitaa yetu, mashimo yetu,
na lile daraja la mbao lisilo na ubao wa kati.
Ikanionyesha njia ndefu, ya kuzunguka nyuma ya shule.
Asubuhi nikaifuata kwenda kununua maziwa.
Ilikuwa imenyesha hadi alfajiri.
Nimerudi na viatu vikavu.